Taa ya Bibi Mshauri

Alhamisi tarehe 15 Machi 1956, saa kumi na moja na nusu jioni, Bi. Swoboda alikuwa ngazini na ndoo yake ya maji aliposikia mwanamume akipiga yowe ghorofa ya tatu. Bi. Swoboda ndiye msimamizi wa nyumba ile ya mtaa wa Josefstadt, na msimamizi wa nyumba hapa Vienna hapandi ngazi kwa kila kelele. Lakini yowe lilitoka nyumbani kwa Profesa Ottokar Wessely, ambaye hata kikohozi chake kilikuwa na adabu. Akapanda.

Mlango ulikuwa wazi. Profesa, aliyepiga fidla ya kwanza katika kwarteti ya wapigaji wanne iliyobeba jina lake, alikuwa amelala kifudifudi katikati ya chumba cha muziki, kisogo kimepasuka. Kando yake palikuwa na sanamu ya shaba, kichwa cha mtunzi mmoja wa zamani, ambayo siku zote ilikaa juu ya piano. Na kando ya sanamu alikuwa amepiga magoti Emil Brabec, mpiga fidla ya pili, mikono imejaa damu, na keki imevunjikavunjika mbele yake.

"Yesu na Maria!" alisema Bi. Swoboda. "Na sakafu nimeipaka nta leo asubuhi!"

Baadaye aliona haya kwa maneno hayo. Hata hivyo yalikuja kuwa na kazi yake.

Inspekta Kamillo Nemetz alifika saa kumi na mbili. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, na kila Jumatano alipiga viola, fidla yenye sauti nzito kidogo, pamoja na madaktari wawili na mfamasia mmoja, kwa kiwango ambacho majirani waliweza kukivumilia. Msaidizi wake, Sajini Trimmel, alifika dakika ishirini baadaye akihema.

"Saa tena?" Nemetz aliuliza bila kugeuka.

"Saa tena, afande. Mke wangu aliinunua kwa Mmarekani mmoja mwaka jana, jeshi lao lilipokuwa linafunga virago. Ya umeme, nzuri, ina mwanga wa kijani. Lakini mvivu kuliko shemeji yangu! Kila saa moja inachelewa dakika kumi."

"Itupe."

"Niitupe na mwenyewe aliyeinunua?"

Nemetz aligeukia maiti. Daktari alikuwa ameshasema yake: Profesa alipigwa mara moja, kwa nyuma, kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Hakuna kilichoibwa. Fidla, yenye thamani kuliko nyumba nzima, ilikuwa ndani ya sanduku lake.

Chumbani palikuwa na kiti kimoja tu kilichotolewa katikati, kikielekea stendi ya karatasi za muziki. Mbele ya kiti, sakafuni, palikuwa na ubao mdogo wenye tundu. Nemetz aliutazama ubao ule kwa muda mrefu.

"Bi. Swoboda, huu ubao ni wa nini?"

"Wa yule wa selo, Bwana Sandner. Lile lifidla lake la kupakata lina mwiba wa chuma chini. Akiuchomeka kwenye mbao zangu, tunabaki na mashimo. Kwa hiyo Profesa alichonga ubao, mwiba ukae kwenye tundu. Mimi hufanya usafi humu kila Alhamisi asubuhi, na ubao huuweka nyuma ya kabati."

"Na leo?"

"Leo vilevile. Nilipopaka nta niliuweka nyuma ya kabati, kwa mikono yangu hii." Akautazama tena. "Sasa nani kautoa?"

"Ulimwona Bwana Sandner mchana?"

"Hapana. Saa kumi hadi saa kumi na moja nilikuwa uani, nafua. Wanaume wenye makoti na kofia wanapita tu, ghorofa ya pili kuna daktari wa meno. Lakini mwenye sanduku la selo ningemsikia. Kila akija hunikwangulia ukuta wa ngazi, na kila akija tunagombana."

Emil Brabec alikuwa ameketi jikoni, amefungwa pingu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mwembamba, na uso wa mtu ambaye huomba radhi hata kwa mlango.

"Ulifuata nini hapa, Bwana Brabec?"

"Kuomba msamaha. Jana kwenye mazoezi niligombana na Profesa."

"Kuhusu nini?"

"Mwendo."

"Mwendo gani?" Trimmel alidakia. "Wa nani?"

"Wa muziki, bwana. Kesho kutwa tunacheza muziki wa kwarteti wenye ufunguo wa re, ule wa huzuni. Sehemu ya pili mtunzi ameandika juu yake: si polepole sana, kwa utulivu. Profesa alishikilia hayo 'si polepole sana', akaikimbiza. Mimi nilishikilia 'utulivu'. Nikamwambia hii ni sala, si ngoma ya harusi."

"Ukamwambia na nini kingine?"

Brabec aliinamisha kichwa. "Kwamba akiicheza vile Jumamosi, nitamkaba koo mbele ya watu. Lakini jamani, sisi huambiana hivyo kila wiki! Milena, mke wangu, akaniambia nenda, mpelekee keki, mzee anapenda keki. Nikakuta mlango wazi. Nikamwinua kichwa nione kama anapumua."

Walipotoka nje Trimmel alisema, "Afande, nani anakwenda kuua na keki mkononi?"

"Mtu mwenye akili sana. Au mtu asiyeua."

"Huyu haonekani kuwa na akili sana."

Mwendesha mashtaka alikuwa na maoni mengine. Kitisho kilichosikiwa, damu mikononi, mtu amekutwa juu ya maiti: alitaka nini zaidi? Alisema Jumamosi saa sita mchana ataweka sahihi kwenye hati ya mashtaka, na akishaiweka, Brabec akipatikana na hatia hatoki gerezani maisha yake yote. Mpiga viola wa kwarteti hakuhusika, alikuwa mji wa Graz tangu Jumatano usiku kwenye mazishi ya shangazi yake. Alibaki mtu mmoja wa kuulizwa.

Viktor Sandner aliishi mtaa wa Wieden, mwendo wa tramu usiofika nusu saa kutoka kwa Profesa. Ijumaa asubuhi aliwapokea Nemetz na Trimmel akiwa amevaa koti la ndani la mahameli. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, nywele nyeupe, sauti ya upole. Aliwamiminia kahawa kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulibaki mfukoni. Ilipofika zamu ya kopo la sukari, alilisukuma mbele ya Trimmel.

"Tafadhali, Sajini, lifungue wewe kijana. Kifuniko chake kigumu."

Trimmel, mwenye miaka arobaini na sita, alifurahi kuitwa kijana, akalifungua kwa vidole viwili.

"Ottokar na mimi tumecheza pamoja miaka ishirini na nane," Sandner alisema. "Kabla ya vita, wakati wa vita, baada ya vita. Sijui nitazungumza na nani sasa."

"Ni kweli Brabec alimtishia?"

Sandner alifumba macho kidogo. "Laiti usingeniuliza. Emil ni kama mwanangu. Mkewe anakaribia kujifungua baada ya miaka tisa ya kungoja, na mimi ndiye nitakayekuwa baba wa ubatizo wa mtoto. Lakini kweli ni kweli. Alisema atamkaba koo. Na macho yake, Bwana Inspekta, sikuyapenda."

"Wewe jana, saa kumi hadi saa kumi na moja?"

"Nilikuwa hapa hapa, nafanya mazoezi kama kila siku. Muulize Bibi Mshauri wa chini, hunisikia hata nikipiga chafya."

Nemetz alizungusha macho. Selo ilikuwa imesimama kwenye kona. Chini ya dirisha, sakafuni, palikuwa na sanduku kubwa la spika, na juu ya meza mashine ya Kimarekani ya kucheza kanda za sauti, imeunganishwa na transfoma nzito.

"Mashine nzuri hiyo."

"Niliinunua kwa meja mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Wazimu wa uzeeni! Inawaka taa, magurudumu yanazunguka, lakini sijawahi kukaa niisikilize. Mtu anayecheza kutwa, jioni anataka kimya."

Ghorofa ya chini aliishi Bibi Mshauri Zatloukal. Mshauri wa Mahakama alikuwa mumewe, ambaye alishafariki, lakini cheo kilibaki kwa mjane kama inavyostahili, na ole wake mtu atakayemwita Bi. Zatloukal kavukavu. Aliwaketisha chini ya taa yake ya sebuleni, tufe la kioo cheupe lililoning'inia kwa mnyororo wa shaba.

"Alicheza," alisema. "Kuanzia saa kumi mpaka baada ya kumi na nusu. Ile sehemu ya polepole ya kwarteti, mara tatu mfululizo. Hakutoka. Angetoka angecheza vipi?"

"Alicheza kama siku zote?"

Bibi Mshauri alikunja midomo. "Hapana. Siku zote hupita kwenye ile sehemu kama mtu anayewahi tramu. Jana alikwenda polepole mno. Na sauti ilikuwa nzito, ya giza. Nilifikiri, maskini, amefiwa! Bwana Inspekta, miaka kumi na tisa anacheza juu ya kichwa changu, na jana ndiyo mara ya kwanza aliponiliza. Nililia kweli, nikatafuta leso."

"Kuna kingine?"

"Taa hii. Kila alipofika noti ya mwisho, ile ndefu ya chini, kioo kililia. Zzzzz! Kama nyuki ndani ya chupa. Nusura nimwite fundi. Miaka kumi na tisa taa haijawahi kulia, na jana imelia mara tatu."

Nemetz aliandika, akafunga kijitabu, akarudi juu. Alimuuliza Sandner kwa nini jana alicheza polepole vile.

"Ah, Bibi Mshauri na masikio yake!" Sandner alitabasamu. "Nilikuwa naujaribu mwendo wa Emil. Nilitaka kuona kama kijana ana hoja."

Jibu lilikuwa zuri, na halikuwa na mahali pa kushikia. Kwenye tramu Trimmel alisema, "Basi huyu katoka. Alikuwa anapiga selo Wieden. Hakuna mtu anayeweza kupiga selo Wieden na kumpiga mtu kichwa Josefstadt."

"Na ubao?"

"Labda Profesa aliutoa tu."

"Profesa hakupiga selo, Trimmel. Alimtolea mgeni kiti, akamtolea ubao. Alimngoja mtu wa selo. Mtu akaja bila selo."

Ijumaa jioni Milena Brabec alikuja kituoni, tumbo mbele, uso umevimba kwa kulia. Hakutaka kiti.

"Bwana Inspekta, Emil hawezi kuua. Panya akinaswa jikoni mimi ndiye ninayemtoa, yeye anakimbilia chumbani! Mkimfunga maisha, huyu mtoto atamjua baba yake kupitia kioo?"

"Keti, mama."

"Siketi. Nimemwambia Bwana Sandner atutafutie wakili. Amesema atafanya kila awezalo. Hata senti hataitaka, ndivyo alivyo. Ninyi mnafanya nini?"

Nemetz alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi mezani, akakaa akiitazama ramani ya tramu ambayo alikuwa ameshaikariri.

Asubuhi ya Jumamosi walipangiana saa mbili kamili. Trimmel aliingia saa mbili na dakika ishirini.

"Usiseme kitu, afande. Nimeirekebisha saa sita usiku, nikaiangalia alfajiri, mwanaharamu keshachelewa! Safari hii nimempelekea fundi Hauer wa hapo chini. Kaniambia haiponi."

"Kwa nini haiponi?"

"Si mbovu. Umeme wa Wamarekani unapiga mara sitini kila sekunde, wetu mara hamsini. Transfoma inapunguza nguvu tu, haigusi mapigo. Mota ya saa inafuata mapigo, kwa hiyo hapa inakwenda sehemu tano kati ya sita. Kama mtu aliyezoea kulipwa sita akalipwa tano, ndivyo alivyosema, anafanya kazi kwa—"

Nemetz alikuwa ameshasimama.

"Vaa kofia."

"Sijavua bado."

"Vizuri. Twende Wieden. Kwanza kwa Bibi Mshauri, tuazime ufagio wake."

Ilipata saa nne na robo Sandner alipomfungulia mlango Nemetz na askari mmoja. Trimmel alikuwa ameachwa chini, amesimama karibu na Bibi Mshauri chini ya ile taa. Maagizo yalikuwa mafupi: taa ikilia, mama agonge dari kwa mti wa ufagio. Ni ishara ambayo Bibi Mshauri aliijua vizuri. Alikuwa ameitumia miaka kumi na tisa.

"Nakuomba kitu kidogo, Bwana Sandner," Nemetz alisema. "Keti uchukue selo. Noti ya mwisho tu ya ile sehemu ya pili."

"Leo? Ottokar hajazikwa."

"Noti moja tu."

Sandner aliketi. Alichomeka mwiba sakafuni, akapiga re ya chini, ndefu, nzuri, mpaka upinde ukaisha. Walisikiliza. Chini kimya.

"Tena, kwa nguvu."

Akapiga tena. Kimya.

"Sasa noti ya chini kabisa uliyonayo."

"Do. Waya mtupu, bila kidole." Alipiga do, na madirisha yakatetemeka kidogo. Chini hakuna aliyegonga.

"Hapo ndipo selo inapoishia, sivyo?"

"Kila mwanafunzi anajua hilo."

"Niruhusu." Nemetz aliinama, akakamata kigingi cha ule waya mnene, akaulegeza taratibu huku akiudonoa kwa kidole, kama alivyofanya na viola yake kila Jumatano. Waya ulishuka ukipita do, ukafika ti iliyo chini yake. "Piga sasa."

Sandner hakupiga. Kwa mara ya kwanza uso wake ulibadilika.

"Piga, tafadhali."

Alivuta upinde. Sauti ilitoka mbaya, waya umelegea, lakini ilitoka. Na chini ya miguu yao dari iligongwa mara tatu, ko ko ko, kwa moyo wote.

"Taa ya Bibi Mshauri inajibu noti moja," Nemetz alisema. "Ti iliyo chini ya do yako ya mwisho. Selo iliyofungwa sawasawa haina noti hiyo, ndiyo maana miaka kumi na tisa taa ilinyamaza. Alhamisi ilijibu mara tatu. Basi Alhamisi hapa hapakuchezwa selo."

"Nililegeza waya. Nilikuwa najaribu."

"Uliulegeza kwa ajili ya noti moja, kisha ukacheza muziki wote uliobaki sambamba nao, mzito vilevile, polepole vilevile? Hapana, bwana." Nemetz alikwenda kwenye ile mashine. Kanda ilikuwa bado kwenye gurudumu, na sanduku lake kando, limeandikwa kwa wino: redio, selo ya Sandner, 1949. Aliirudisha nyuma, akawasha.

Kwanza kimya kirefu. Kisha kutoka kwenye spika iliyokuwa sakafuni selo ikaanza, nzito na ya giza, ikienda polepole kama watu wanaofuata jeneza. Sandner aliisikiliza mdomo wazi. Hakuna shaka kwamba alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

"Hii... hii si..." alisema. "Hii si re. Imeshuka!"

"Imeshuka kwa sababu imechelewa. Mota inafuata umeme wa Amerika, na umeme wetu ni mvivu kwake. Kanda ikienda polepole, sauti hushuka pamoja na mwendo, kutoka re hadi ti. Ungeisikiliza dakika moja tu ungejua, una masikio kuliko sisi sote. Lakini ulihitaji kimya mwanzoni ili upate muda wa kuondoka. Ulipoondoka, bado mashine haijasema neno. Na uliporudi kanda ilikuwa imekwisha."

Noti ya mwisho ilifika. Ko ko ko, ikajibu dari.

Simu iliyokuwa ukutani ikaanza kulia. Hakuna aliyeiendea. Ililia muda mrefu, ikanyamaza.

"Kwa nini Profesa alikutolea kiti na ubao?" Nemetz aliuliza. "Alikutaka nini Alhamisi?"

Sandner alitoa mkono wa kushoto kutoka kwenye shingo ya selo, akauweka mapajani. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekunjamana, na havikunyooka hata aliposaidia kwa mkono wa pili.

"Vilianza mwaka juzi," alisema. "Muziki wa polepole naweza bado. Ukikimbia, vinabaki nyuma. Ottokar aligundua. Hakusema mbele ya wenzetu, hilo namshukuru. Alinivuta pembeni Jumatatu akaniambia: Alhamisi saa kumi na robo uje kwangu, unichezee sehemu ya mwisho kwa mwendo kamili. Ukishindwa, Jumamosi hii ndiyo ya mwisho kwako. Miaka ishirini na nane, Bwana Inspekta! Akanipa mtihani kama mtoto wa shule."

"Na wewe ukaenda bila selo."

"Nilijua nitashindwa. Nikaenda kumwomba. Nikamwomba kweli."

"Uliomba ukiwa umeshaacha kanda inazunguka."

Sandner aliinamia vidole vyake.

"Alisema nini?"

"Alinigeuzia mgongo. Akasogeza kipima mwendo kwenye piano ili kiende kasi, akasema: keti, Viktor, tuone. Nilikuwa nimesimama karibu na ile sanamu."

"Na Brabec?"

"Emil hakuwa kwenye hesabu yangu! Aliingia mwenyewe na keki yake."

"Aliingia mwenyewe. Lakini habari ya macho yake, hukuulizwa. Ulinipa bila kuombwa. Na mkewe ulimwahidi wakili."

Simu ililia tena. Safari hii Sandner aliitazama, kisha akatazama pembeni. Ilipotulia, askari alimsaidia kuvaa koti, maana vifungo vilimshinda. Mlangoni aligeuka.

"Bibi Mshauri alisema nini? Aliposikia."

Nemetz alifikiri kama anastahili kuambiwa. "Alilia. Alisema ni mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa."

"Kwa hiyo mwendo wa Emil ndio wenyewe," Sandner alisema, kisha akashuka ngazi. Bibi Mshauri alikuwa amesimama mlangoni kwake na ufagio mkononi. Alipomwona na pingu hakumsalimu, na Trimmel anasema mama yule alibaki pale akiishika nguzo ya ngazi hata mlango wa chini ulipofungwa.

Saa sita kasoro robo Nemetz alimwondolea mwendesha mashtaka kalamu mkononi. Kisha akashuka mwenyewe mahabusu.

"Uko huru," alimwambia Brabec. "Mtu amekiri."

Brabec alisimama, akaanza kushukuru, akaomba radhi kwa usumbufu, akatafuta kamba za viatu vyake. Ndipo akauliza, "Nani?"

Nemetz alimwambia. Brabec akarudi kuketi kwenye benchi la mahabusu, kiatu kimoja mkononi, na ilichukua muda kabla hajakivaa.

"Milena anajua?" aliuliza hatimaye.

"Bado. Yuko juu, kwenye ukumbi."

Milena alikuwa ameketi chini ya saa ya ukutani, koti halifungiki tumboni. Alimwona mumewe, akanyanyuka kwa taabu, akamkumbatia upande kwa sababu mbele haikuwezekana. Alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akamfuta uso kwa kiganja, akamkaripia kwa kutonyoa ndevu.

"Twende nyumbani," alisema. "Ila nisubiri kwanza, niombe simu tena pale kwa askari. Tangu saa nne nampigia Bwana Sandner aje tuwe naye, na hapokei. Nataka awe wa kwanza kujua."